Simu ya Bukoba Ambayo Hakuna Aliyeipiga

Niliipiga mimi. Ile simu ya dakika kumi na tano kwenda Bukoba, ambayo katika ukoo wetu husimuliwa kwenye kila harusi kama mfano wa jinsi watu wa simu walivyotaka kutuibia mchana kweupe, niliipiga mimi, kwa kidole changu, nikiwa na akili timamu na soksi za shule. Wadogo zangu wawili, ambao siku hizi wana wake na vitambi, huisimulia kwa zamu: mmoja huigiza sauti ya baba, mwingine huigiza ankara. Humalizia kwa baba kwenda ofisini kwao, kurudi, kusema neno moja tu, "Yamekwisha," na watu wa simu kunywea. Mimi huketi pembeni nikitikisa kichwa kama mtu anayekumbuka dhuluma. Nimetikisa kichwa hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Katikati hapo nimesoma chuo kikuu na nimeandika makala kadhaa kuhusu ukweli katika maisha ya jamii, moja ikasifiwa. Baba peke yake hakuwahi kucheka hadithi ile ilipofika mwisho. Aliomba chumvi.

Simu ililetwa kwetu kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa mkaguzi wa shule, safari zake zilikuwa za visiwani na vijijini, na wakubwa walitaka kumpata. Tulikaa nyumba ya serikali kwenye mteremko juu ya mji wa Mwanza, nyuma yetu kukiwa na jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe, ambalo wadogo zangu waliishi juu yake na kushuka wakati wa kula. Serikali ililipia kuunganishwa. Maongezi tulilipa wenyewe.

Afisa aliyefuatana na mafundi alikuwa na mkoba na maneno mengi. Shirika lilikuwa la umma, halikuwa na mshindani hata mmoja nchi nzima, lakini bwana yule aliuza kana kwamba kuna mtu mwingine anasubiri getini na simu ya bei nafuu zaidi. Alitaka tuchukue waya mrefu ili simu itembee mpaka chumbani. Alitaka tuchukue kengele ya pili ya jikoni. Kulikuwa na huduma ya kuamshwa asubuhi. Baba akamwambia ana jogoo. Ndipo afisa akavuta kiti karibu.

"Mzee, una watu Bukoba?"

"Mama yangu yuko kijijini. Hana simu. Ana migomba."

"Ofisi ya ushirika wa kahawa iko mbali naye?"

"Iko hapo hapo."

"Basi mama ana simu," afisa akasema, akaegemea nyuma kama mtu aliyemaliza biashara. "Unamwomba opereta simu ya kuitiwa mtu. Karani wa ushirika anamwita mama. Unalipa ada kidogo ya kuitiwa, lakini dakika hazihesabiwi mpaka mtu wako afike. Akishafika, kila baada ya dakika tatu opereta anakuambia, dakika tatu zimekwisha. Unaendelea au unakata, shauri yako. Hakuna kuibiana."

"Nitamwandikia barua," baba akasema.

Baba alipenda barua. Habari zote za nyumba yetu, kuzaliwa, kufaulu, kuugua, zilitoka kwa mwandiko wake na kwa wakati wake. Afisa alipoondoka, baba alinunua kufuli dogo, akalitia kwenye tundu la duara la namba ili lisizunguke, na ufunguo akautia mfukoni mwa koti. Lakini mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni muda wote, na maneno ya afisa yalikuwa yameniingia kama homa. Dakika hazihesabiwi mpaka mtu wako afike. Nililala nayo sentensi hiyo.

Siku majina ya waliochaguliwa kwenda kidato cha tano yalipobandikwa shuleni, nililisoma jina langu mara nne, nikaondoka, nikarudi kulisoma tena kwa kuwa sikumwamini aliyelisoma mara ya kwanza. Nilikimbia nyumbani. Hakukuwa na mtu wa kumwambia. Baba alikuwa Nansio akikagua shule, angerudi na meli ya Ijumaa. Mama alikuwa zamu ya mchana kwenye kiwanda cha nguo huko Nyakato, ambako alikuwa karani wa stoo. Wadogo zangu walikuwa juu ya jiwe. Niliwapigia kelele kutoka chini, mmoja akajibu kwamba hawana njaa.

Nikaingia ndani, na simu ikawa imekaa pale.

Kufuli halikuwa kikwazo. Rafiki yangu wa darasani, ambaye baba yake naye alikuwa na simu na kufuli, alikwisha kunifundisha: vile vifundo viwili ambavyo mkonga hulalia, ukivigonga mara kumi haraka haraka bila kukosea, simu hudhani umezungusha sifuri. Nilikosea mara mbili. Mara ya tatu sauti ya mwanamke ikasema, "Mwanza."

"Naomba Bukoba," nikasema kwa sauti nzito niliyodhani ni ya kiserikali. "Simu ya kuitiwa mtu."

Alichukua namba yetu, jina la bibi na la ofisi ya ushirika. "Weka mkonga chini," akasema, "na usiende mbali. Nitakupigia akifika."

Nilikaa karibu saa mbili bila kuondoa macho kwenye chombo kile. Nilikipangusa vumbi. Nilifanya mazoezi ya sentensi yangu moja kwa namna saba. Kilipolia niliruka nikagonga goti kwenye meza, na alama ninayo.

"Bukoba yuko tayari. Zungumza."

Kwanza nilisikia pumzi. Kisha karani akisema, "Hapo chini, mama, sema hapo chini." Kisha bibi yangu, ambaye hakuwahi kushika simu maishani, akaanza kunisalimia.

Lazima nieleze jambo hapa kwa wasomaji wasio Wahaya. Kwetu mtu hafiki kwa miguu, anafika kwa salamu. Unaweza kuwa umeketi sebuleni kwa mtu na bado hujafika, kwa kuwa hajamaliza kukuuliza umeamkaje, baba ameamkaje, mama na wadogo zako wameamkaje. Ng'ombe, kama wapo, na kama hawapo kwa nini. Mvua, migomba, kahawa. Jirani aliyevunjika mguu. Na wale waliotutangulia, mmoja mmoja, na kila aliyetajwa anapewa kimya chake kidogo kabla ya kwenda kwa mwingine. Hapo ndipo mtu amefika. Na mimi, mwanafunzi niliyechaguliwa kidato cha tano kwa alama nzuri za hesabu, nilikuwa nimeielewa huduma ile kwa Kihaya: dakika hazihesabiwi mpaka mtu afike, na bibi bado anafika. Uthibitisho nilikuwa nao. Tuliulizana habari za ukoo mzima na hakuna aliyetukatiza kusema dakika tatu zimekwisha.

Hatimaye bibi akafika. "Bibi," nikasema, "nimechaguliwa kidato cha tano."

Nikasikia akimwambia karani, karani akiwaambia wakulima waliopanga foleni na kahawa yao, kisha vigelegele vilivyofanya mkonga utetemeke mkononi mwangu. Sijawahi kusikia kitu kama kile tena, na nimewahi kupigiwa makofi ukumbini. Zilikuwa sauti za watu nisiowajua, ng'ambo ya ziwa zima, na zilikuwa kwa ajili yangu.

"Baba yako anajua?" bibi akauliza.

"Bado. Wewe ndiye wa kwanza."

"Wa kwanza mimi?"

"Wewe, bibi."

Akacheka kicheko cha msichana. Akaniaga, na kuaga nako kuna utaratibu wake. Karani alipochukua mkonga na kukata, sauti ya opereta ikarudi, imebanwa kidogo puani kama ya mtu mwenye mafua. "Hongera sana, mdogo wangu," akasema. Halafu haraka, kikazi: "Simu imekwisha."

Niliona sawa tu. Siku kama ile hata simu ilipaswa kunipongeza.

Baba aliporudi alipewa habari, akafurahi kwa namna yake ya kunyamaza na kutembea huku na huku, kisha akamwandikia bibi barua ndefu. Bibi akajibu kwamba anamshukuru Mungu. Hakusema zaidi, hakuwa mtu wa kumharibia mwanawe raha ya kutoa habari.

Kisha ikaja ankara. Ankara za siku zile zilikuwa na tabia mbili. Simu za mjini ziliwekwa pamoja kwenye tarakimu moja isiyojieleza. Mita ilikuwa imesema, nawe ulitakiwa kuamini. Simu za mbali ziliandikwa moja moja. Baba aliisoma mezani kwa kalamu nyekundu, ile ya kukagulia, na kalamu ikasimama.

"Bukoba. Kuitiwa mtu. Dakika kumi na tano." Akainua macho. "Nani?"

"Mimi nilikuwa kiwandani," mama akasema.

"Sisi tulikuwa kwenye jiwe," wakasema wadogo zangu.

"Na wewe?"

"Kwani simu haina kufuli, baba?"

Lilikuwa swali langu la kwanza la kisomi: halikuwa uongo, halikuwa jibu. Baba alienda kulitazama kufuli, akalivuta, akarudi.

"Kufuli zima. Ufunguo ninao mimi. Mimi nilikuwa Nansio. Basi simu hii haikupigwa." Akaketi. "Na kama kuna mtoto humu anayejua kupita kufuli bila ufunguo, huyo hana haja ya kidato cha tano. Ana kazi tayari."

Mama alicheka. Mimi sikucheka. Nililichukua neno hilo kama lilivyo, nikaona sanduku langu la shule likirudishwa juu ya kabati, na tangu dakika hiyo nikawa shahidi mkuu wa baba.

Aliandika barua kwa meneja wa ofisi ya simu. Yah: Ankara ya Kubuni. Yeye alitamka, mimi niliandika kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Kulikuwa na unyonyaji ndani yake, na kupe, na wajibu wa mashirika ya umma katika nchi inayojenga ujamaa. Alipofika kwenye maneno "haiwezekani mwananchi alipishwe maneno ambayo hayakutoka kinywani mwa mtu yeyote," mimi, ambaye kinywa changu ndicho kilichokuwa kikizungumziwa, nilipendekeza tuongeze, "wala hayakuingia sikioni mwa mtu yeyote." Baba alinitazama kwa fahari. "Hapo ndipo elimu inapoonekana," akasema. Ndiyo sentensi yangu ya kwanza kusifiwa na msomaji mzito, na bado naiona nzuri.

Jibu lilikuja baada ya wiki chache, baba akalisoma kwa sauti. Opereta aliyeandika simu hiyo ametakiwa kujieleza. Endapo mteja atasimama kwenye madai yake, opereta ataachishwa kazi kwa kuandika simu ya uongo. Mteja anaombwa afike.

Baba aliikunja barua polepole. "Sikuomba mtu afukuzwe," akasema. Kisha, "Lakini jambo lililo kweli ni kweli. Tutakwenda wote, uandike yatakayosemwa."

Ofisini meneja alikuwa Msukuma mnene, mpole, mwenye faili wazi mbele yake. Karibu na dirisha alisimama mwanamke mwenye sweta ya kijani, hakunizidi kwa miaka kumi, ameshika kikaratasi kwa vidole vya mikono yote miwili. "Shikamoo, mzee," akamwambia baba. Sauti ilikuwa ile. Nami nikamwambia meneja shikamoo, na nilipoitamka nikaona yule dada akigeuza kichwa. Alinitazama kwa muda, kisha akarudisha macho kwenye kikaratasi.

"Eleza," meneja akamwambia.

"Simu iliombwa kutoka namba ya mzee. Nikaiunganisha. Tiketi yake ni hii, mwandiko ni wangu."

"Aliyeomba alikuwa mwanamume au mwanamke?" baba akauliza.

"Mteja, mzee."

"Mteja si jinsia."

"Haturuhusiwi kusikiliza maongezi, mzee."

"Dakika kumi na tano hukusikia kitu?"

"Haturuhusiwi."

Meneja akachukua kile kikaratasi. "Na mbona hukumkatiza? Kila dakika tatu unatakiwa umwambie mteja, kisha uweke alama hapa. Hakuna alama hata moja. Hili ndilo linaloonyesha kwamba ulikaa ukaiandika tu."

"Nilishindwa," akasema.

"Ulishindwaje?"

Akageukia dirisha. Nilielewa kabla ya baba na kabla ya meneja, nikiwa na daftari langu la kuandikia yatakayosemwa. Ili ajitetee ilibidi aseme alichosikia, na akisema alichosikia amekiri kosa jingine. Mtu pekee aliyeweza kumwokoa alikuwa na umri wa miaka kumi na saba na mwandiko mzuri. Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni, "Naomba maji ya kunywa." Nilionyeshwa mtungi. Nilikunywa vikombe viwili.

Baba hakuwa mtu mkatili. Alimtazama yule dada, akaitazama sweta yake, akakohoa. "Ndugu Meneja, isije ikawa tunamwonea. Pigeni Bukoba. Aitwe mama yangu. Kama aliitwa siku ile, atasema. Mama yangu mpaka leo anakumbuka nani alichelewa kwenye harusi yake."

Meneja akaagiza simu ipigwe na opereta mwingine. Tukasubiri. Baba alisimama mlangoni akitazama barabara inayoshuka bandarini. Mimi niliketi kwenye benchi, na yule dada akaja kuketi pembeni yangu, kwa kuwa benchi lilikuwa moja.

"Unaondoka lini kwenda shule?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Mwezi ujao."

"Chukua blanketi zito. Mabwenini nasikia kuna baridi."

Nilitamani anitukane. Ningejua la kufanya na tusi. "Dada," nikanong'ona, "kwa nini hukutukatiza?"

"Mimi mwenyewe wa huko," akasema. "Bibi yako alikuwa anawataja wafu wenu. Ningeingia hapo na kusema nini, dakika tatu zimekwisha?"

Nilisimama. Ningependa kuandika kwamba nilisimama ili niseme, na huenda ni kweli. Miguu ilikwisha kusimama, sehemu nyingine zilikuwa bado zinajadiliana. Simu ya mezani kwa meneja ikalia.

"Bukoba, Ndugu Mkaguzi. Mama yuko tayari."

Baba akashika mkonga, akajinyoosha kama aliyesimamishwa mbele ya hakimu, akafungua mdomo ili aulize swali lake. Hakuuliza. Mama yake alikuwa amekwisha kuanza. Nilimwona mkaguzi wa shule wa mkoa akiinamisha kichwa, akiitikia, akiitikia tena kwa sauti nyembamba niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake. Mvua, ndiyo mama. Migomba, ndiyo. Meneja akaangalia saa yake. Baada ya muda ikasikika sauti ya kike ikiingia kwenye waya, na baba akainua kiganja hewani kana kwamba yule opereta anamwona.

"Subiri, dada," akasema kwa Kiswahili, "mama yangu anazungumza."

Meneja alimtazama baba. Akamtazama mwanamke wa sweta ya kijani. Akavuta ile tiketi isiyo na alama, akaitazama upya, akaiweka chini taratibu.

Yalipita mengi kabla baba hajapata nafasi. Kisha akauliza, kwa Kihaya, kama kuna mtu yeyote aliyewahi kumpigia simu pale ushirika. Halafu akasikiliza. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake na nilisikia sauti ya bibi ikipanda kwa furaha, inasimulia vigelegele, bila shaka inaviigiza.

"Wa kwanza?" baba akasema. "Alikwambia wewe ndiye wa kwanza?"

Hakunitazama. Nilingoja anitazame, nikakaza macho yangu kwake, lakini alitazama nje dirishani, kwenye mawe ya Mwanza, kwa muda ambao kwa hesabu za simu ulikuwa mrefu. Kisha akaziba mkonga kwa kiganja na kumgeukia yule dada.

"Binti," akasema, "nimekukosea. Nisamehe."

"Hakuna neno, mzee."

"Lipo." Akamgeukia meneja. "Simu ilipigwa. Dakika zote nitalipa. Barua yangu ifutwe, na huyu hana kosa. Na kuhusu kukatiza, umeona mwenyewe."

"Nimeona," meneja akasema, akachukua kalamu. "Na aliyepiga ni nani, Ndugu Mkaguzi? Ni kwa ajili ya faili tu."

"Nyumba yangu."

Meneja akaandika hivyo.

Baba akaondoa kiganja kwenye mkonga, akasikiliza kidogo, akaninyooshea. "Bibi yako anauliza kama uko karibu," akasema. Mkonga ulikuwa wa moto kutokana na sikio lake. Nikasema shikamoo yangu ya kitoto, na bibi, ambaye hakujua kwamba palikuwa na kesi wala kwamba ameimaliza, akaanza kunisalimia tangu mwanzo. Baba akavuta kiti, akaketi, akavua kofia, akamwambia meneja aiandike na hii kwenye namba yetu.